Fundi Umeme na Eda ya Mama

Mwaka aliokufa baba, mimi nilikaribia kumuua mama. Nilitumia waya wa kijani wenye mstari wa manjano, wa mita chache tu, na uongo wa neno moja. Hakuna aliyenihukumu kwa hilo, maana waliolijua ni watu watatu, nami nikiwamo, na wote ni watu wa kunyamaza. Nalisema mwenyewe kwa sababu nimechoka kusifiwa kuwa mtoto mwema.

Nianze na mashine. Kijiji chetu kinatazamana na kisiwa cha Kojani, na watu wa Kojani huvuka asubuhi kuleta samaki dikoni kwetu, soko la samaki la ufukweni. Barafu wakati ule ilikuwa ikitoka Wete juu ya gari la abiria, ikifika kwetu nusu yake maji, na mchana ukiingia diko zima linanuka. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki, na jambo hili alilishika kama ugomvi wake binafsi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hawezi kuona kitu kimeharibika akapita. Akatafuta mashine ya kutengeneza barafu iliyotumika hotelini huko Unguja, akaivusha, akaiweka katika banda lililoshikana na ubavu wa nyumba yetu. Dude kubwa la chuma, ukisimama karibu nalo hata kabla halijawashwa unajiona mdogo.

Akamwita fundi umeme kutoka Konde aje aitazame. Fundi akaitazama mashine, kisha akaingia ukumbini akaitazama bodi ya nyumba, ile yenye swichi chache za taa na feni na jiko, akacheka. Alisema mashine hii ukiichomeka hapa utaunguza nyaya ndani ya ukuta na nyumba utaipata majivu. Inataka bodi yake ndogo huko bandani, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye mita, swichi yake kubwa inayojikata yenyewe, na ethi yake. Baba akakubali yote, wakapanga aje wiki ya pili yake. Wiki haikufika. Baba alianguka dikoni asubuhi, katikati ya kubishana na mtu juu ya kikapu cha samaki changu, na walipomleta nyumbani alikuwa ameshakufa.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo zisizo urembo, hakuna manukato, hakuna kutoka nje ya nyumba bila dharura, hakuna mwanamme asiye maharimu wake, ndugu wa karibu asiyeweza kumuoa, kumtia machoni. Kwetu eda haikaliwi na mjane peke yake, nyumba nzima huikalia. Redio inazimwa. Watu wanatembea kwa vidole. Sisi wanaume wa nyumbani tunakohoa kabla ya kupita mlango wa uani. Shangazi, dada wa baba, alihamia na begi lake kuja kumkalisha mama eda, na tangu siku ile uani ukawa wake. Ndiko kuliko jiko, choo, bomba la maji, na mlango wa chumba cha mama unaangalia huko huko. Hata paka akitaka kupita lazima aonwe na shangazi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa skuli ya msingi. Hilo lisisahaulike, maana mimi mwenyewe nililisahau pale nilipolihitaji. Nilirudi nyumbani kukaa na mama, na kila nikipita ubavuni naiona mashine imefunikwa turubai. Haraka yangu haikuwa ya barafu, wala haikuwa ya watu wa Kojani, ingawa hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Nilikuwa nikiliona lile turubai namsikia baba akiniuliza nangoja nini. Wiki ya tatu sikuvumilia, nikampigia simu fundi.

Alifanya kazi siku mbili bandani. Alikuwa fundi hasa, mtu wa maneno machache, kila waya anaulaza kama anayepanga nguo za sikukuu. Akafunga bodi ndogo ukutani, akavuta waya mnene ndani ya bomba la plastiki, akaniita nione. Nikasema kazi nzuri. Ikabaki ethi.

Kwa asiyejua, ethi ni njia ya kutorokea umeme. Unazamisha ardhini fito la shaba lenye urefu wa mtu, unaliunga kwa waya wa kijani na chuma cha mashine. Siku umeme ukivuja ukaingia kwenye lile chuma, unateremka ardhini badala ya kupita kwa mtu aliyeligusa. Fundi alijaribu kulipiga mbele ya banda, nyundo ikaruka. Mbele kwetu pote ni jiwe.

"Nyuma kukoje?" akauliza.

"Nyuma ni udongo. Ela ndiyo uani."

Alikuwa amekuja mazikoni, anajua yumo nani.

"Basi tungoje, Mwalimu," akasema. "Siku zake zikitimia nitakuja niligonge. Mashine isiwashwe kabla."

Alilisema jambo hilo kwa wepesi, kama mtu anayesema mvua inanyesha tungoje ikatike. Mimi nikaona miezi mitatu na ushei ya lile turubai. Ungeniuliza kwa nini sikumwingiza fundi uani siku ile ile nikamaliza, ningekwambia heshima. Na ni kweli, ilikuwa heshima, ila ndani yake mlikuwa na woga wa kumkabili shangazi. Nikasema, "Nipe, nitaligonga mwenyewe."

Akanipa fito, waya na kikamatio chake. "Lizame lote. Kibaki kichwa tu."

"Hayo mimi nayasomesha," nikamjibu, na nilimjibu kwa kiburi.

Niliingia uani siku ya pili yake asubuhi. Nikachagua pahala penye unyevu nyuma ya choo, nikaanza. Hebu fikiri mwenyewe mlio wa nyundo juu ya shaba, katika nyumba ambayo sufuria haiangushwi. Chumbani kwa mama walikuwamo majirani wanawake wanasoma Yasini. Fito likaingia kiasi cha dhiraa moja, likakutana na jiwe. Nikapiga kwa nguvu zaidi, na sauti za kisomo zikaanza kupotea moja moja. Shangazi akatoka.

"Wagonga nini weye? Kaburi la babako bado bichi, mamako yumo ndani, weye wagonga kama wachimba kisima."

"Ni ethi, shangazi. Ni kitu cha usalama."

"Usalama wa nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nalisema kila mwaka mbele ya watoto arubaini. Lakini shangazi amesimama na tasbihi yake mkononi, na kutoka ndani nikasikia sauti ya mama, dhaifu, "Mwache wifi, mwache," na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kama mama angenikaripia ningeendelea. Nilichomoa fito, nikalifukia tundu kwa mguu. Kisomo kikaanza upya.

Nilipokuwa nimesimama pale na waya mkononi nikaliona bomba la maji la chooni, limetokeza ukutani, la chuma. Bomba la chuma linaloingia ardhini laweza kufanya kazi ya fito, hilo nililisoma mahali. Nikalifunga waya wa kijani pale pale, kwa nyuma, nikaliegemezea kipande cha bati lisionekane. Dakika mbili, bila kelele.

Ila bomba lile halikuwa likiingia ardhini. Kutu iliwahi kulila, baba akalikata, akatia la plastiki kutoka ukutani mpaka barabarani. Lililobaki la chuma ni kile kipande cha ndani ya choo na koki yake. Siwezi kusema sikujua. Nilikuwapo siku ile, nilimshikia baba bomba akipiga msumeno. Nilijua, na nilijilazimisha nisijue kwa muda wa kufunga skrubu moja. Waya wangu kwa hiyo haukwenda ardhini. Ulitoka kwenye chuma cha mashine ukaenda kwenye koki ambayo mama anatawadhia mara tano kwa siku, miguu mitupu juu ya saruji iliyorowa.

Jioni fundi akaja kuwasha. Akaniuliza barazani, "Limezama lote?"

"Lote."

Nyumba nyingine yoyote angekwenda nyuma akaangalia kwa macho yake. Yangu hakuweza, na hakuona sababu ya kunishuku, mimi mwalimu, mimi mtoto wa marehemu. Akapandisha swichi. Mashine ikanguruma, na baada ya saa kadhaa vipande vya barafu vikaanza kumwagika katika sanduku. Watu wa Kojani walikuja na madeli yao ya kubebea barafu siku ya pili. Wakamuombea baba. Wakasema mtoto kamaliza kazi ya babake, na mimi nikasimama pale mlangoni mwa banda nikiyapokea yale maneno, nikayafurahia mno.

Mwezi wa pili ukapita. Siku moja shangazi akaja ukumbini nilikokuwa nasahihisha madaftari, akakaa karibu yangu, jambo asilolizoea.

"Mamako ana kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Akenda kutawadha hushtuka. Atia mkono bombani, autoa mbio kama aliyeumwa. Kisha aurudisha pole pole. Akakaa hivyo, midomo yamcheza."

"Majonzi hayo, shangazi."

"Majonzi hayakai chooni. Pale pana mtu."

Unajua alichokusudia, jini. Mimi nikatabasamu kisomi. Mimi tangu eda natumia choo cha msikitini, na bandani siingii bila viatu vya mpira, lakini shangazi mwenyewe anatumia bomba lile lile, nikajiambia, mbona yeye hana kitu. Sikufikiri kwamba shangazi ana maumivu ya nyayo na havui ndara zake za mpira hata akiingia chooni, wakati mama hakuwahi kutawadha na viatu tangu azaliwe. Hilo nililifikiri baadaye. Nimelifikiri sana baadaye.

Wakamleta shehe. Alikaa ukumbini, mama akakaa upande wa pili wa pazia, shehe akasoma mpaka sauti ikamkauka. Akaandika kombe, aya za Kurani juu ya sahani, kwa zafarani, shangazi akaliosha, akampelekea mama katika bakuli, na mama akanywa lote bila neno. Mimi nilikaa ubavuni mwa shehe nikiitikia amin. Nyuma ya ukuta, mashine ilikuwa inanguruma.

Baada ya hapo ikawa mama anapungua. Hakuwa mgonjwa, ila alikuwa akikujibu ukimsemesha na ukinyamaza ananyamaza. Nilimwambia shangazi eda ikiisha atachangamka. Kila mtu husema hivyo, na mimi nilikuwa na haki ya kusema kama kila mtu.

Jumamosi moja asubuhi shangazi akaniambia koki ya chooni inadondoka maji, mpira wake umekufa, nikaibadilishe. Mama alikuwa chumbani. Nikavua viatu mlangoni kwa mazoea, nikaingia na spana. Sakafu ilikuwa imerowa. Nikaishika koki.

Mkono ulikakamaa mpaka begani, meno yakagongana, na kitu kikanitupa nyuma nikaupiga ukuta kwa kichwa. Kabla sijafika chini nilikuwa nimeshajua. Sikuhitaji kufikiri. Niliona ubao wa skuli na mchoro wangu mwenyewe wa chaki, mashine upande huu, mtu upande huu, na mshale unaonesha njia ya umeme.

Nikainuka nikaenda bandani, nikaishusha ile swichi. Mashine ikanyamaza. Mtu wa Kojani aliyekuwa anangoja barafu akaniuliza kama umeme umekatika, nikamwambia ndiyo umekatika.

Nilikaa juu ya sanduku la barafu nikahesabu. Mara tano kwa siku, zaidi ya miezi miwili. Kila siku chumvi ya hewa inazidi kuila mashine ndani, na kila siku umeme unavuja zaidi ya jana. Mimi kijana mwenye nguvu umenitupa ukutani. Yeye mwanamke wa miaka yake, mwenye moyo wake uliokwisha kupigwa na msiba, alikuwa akiurudisha mkono. Nikampigia simu fundi.

Fundi alikuja kabla ya adhuhuri. Nikamweleza yote, fito, jiwe, bomba, na lile neno langu. Nilitaka anitukane. Alikuna kidevu, akasema, "Mwalimu, mimi ningengoja."

Sasa ilikuwa lazima aingie uani. Nikamwendea shangazi nikiwa nimejiandaa kwa vita, nikamwambia fundi anataka kupita nyuma, ni jambo la uhai.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Saa moja."

"Saa moja tu?"

Akaingia chumbani kwa mama, akashusha pazia, akafunga mlango kwa ndani. Akapaza sauti, "Haya, na apite." Fundi akapita na macho yake chini. Akasogea hatua mbili tu kutoka pale nilipopiga mimi, akapapasa ardhi kwa chuma chembamba mpaka akapata palipo laini, akalizamisha fito lote, taratibu, kibaki kichwa tu. Akaukata waya wangu bombani. Akaikausha mashine ndani na kubadilisha nyaya zilizolika, na kwenye ile bodi ndogo akatia swichi nyingine, ya kujikata umeme ukivuja hata kidogo. Akapima koki mara tatu, kisha akaishika kwa kiganja chake mbele yangu. Saa haikutimia uani. Mlango ulifungwa, mlango ukafunguliwa, hapana aliyeonwa wala aliyevunjiwa heshima. Uongo wangu wote ulikuwa wa kuikwepa saa ile.

Baada ya alasiri nilimfuata mama. Alikuwa uani juu ya jamvi, anachambua mchele katika uteo. Shangazi kalala ndani. Nikakaa mbele yake, nikamwambia. Nilimwambia kila kitu kama nilivyokiandika hapa, nikamwomba radhi, kwanza kwa lile neno, "lote". Yeye vidole vyake havikusimama.

"Nilijua ni umeme," akasema.

Nilidhani hakunifahamu. Nikaanza kumweleza upya.

"Nimesikia, mwanangu. Nakwambia nilijua. Jiko la kwanza alilolileta babako lilinipiga mara mbili. Umeme ukikupiga mara moja huusahau."

"Mama, mbona hukusema basi? Ungekufa."

Akapata kijiwe katika mchele, akakitupa.

"Siku ya mwanzo niliogopa. Niliutoa mkono nikataka kukwita. Kisha nikajiuliza, namwitia nini? Mie natia udhu, nimo ndani ya eda ya mume wangu. Nikasema kama ni leo na iwe leo. Ikawa kila sala nasema hivyo."

"Na kombe ukanywa."

"Nikanywa. Ningekataa wifi angeuliza."

Na mimi, mwenye kosa, mwenye waya, ndipo nilipopata ujasiri wa kumsomesha. Nilimwambia kwa sauti yangu ya darasani kwamba hilo halifai, kutamani mauti hakufai, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo.

"Najua halifai," akasema. "Ndiyo nikanyamaza."

Akaacha kuchambua, akauweka uteo kando. Kwa mara ya kwanza tangu mazikoni akanitazama usoni sawasawa, na nilichokiona hakikuwa hasira. Ningependa kiwe hasira. Alikuwa akinionea huruma.

"Fundi kishalitengeneza?"

"Kishalitengeneza."

"Halipigi tena."

"Halipigi, mama. Hata kidogo."

"Haya."

Magharibi ilikuwa imekaribia. Akajiinua kwa kushika bega langu, akavua kandambili zake mlangoni mwa choo, akaingia. Nilimsikia akisema bismillahi. Nikasikia bomba linafunguliwa na maji yanatoka, yanapiga sakafu tu, hayashikwi na mtu. Yakatoka hivyo kwa muda mrefu. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, na hakuwa akisema na mimi, "Haya basi, nitabaki."

Halafu akaanza kutawadha.